Mafungo ya Imani ya Mtoto kwa Watu Wazima: Yanafaa, Ila Jumamosi Mchana Ipangwe Upya

Mafungo haya ya mwisho wa juma, yaani siku za kujitenga kwa sala na tafakari, hutolewa na masista katika nyumba yao iliyoko kwenye milima ya Usambara, na yanawalenga waamini waliokomaa: makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na wazazi waliolitumikia Kanisa miaka mingi hadi sala zao zikageuka mazoea. Mada ni ile ya Mathayo 18, pale Yesu alipomsimamisha mtoto katikati ya wanafunzi waliokuwa wanataka kujua ni nani aliye mkuu. Naandika tathmini hii kwa sababu naamini kwamba huduma ya namna hii inahitajika sana, ingawa si kila sehemu yake imeandaliwa kwa uangalifu inaostahili.

Nguvu ya mafungo yenyewe ni tafakari za sista anayeyaongoza. Hakuanza kwa kusifu utoto. Alianza kwa kutukumbusha kwamba Paulo, katika 1 Wakorintho 14:20, anawakataza waamini kuwa watoto katika akili zao, na kwamba Waraka kwa Waebrania unawakemea wale ambao bado wanahitaji maziwa wakati walipaswa kuwa walimu. Kisha akatufungulia Zaburi ya 131, akakaa hapo muda mrefu. Mtoto wa zaburi ile, alisema, si yule anayenyonya, bali ni yule aliyeachishwa ziwa: amekwisha kunyimwa kitu alichokipenda kuliko vyote, amelia, amemkasirikia mama yake, na bado anarudi kifuani pake, safari hii akimtaka mama mwenyewe na si maziwa yake. Mbele yangu alikaa mama mmoja mjane ambaye tangu asubuhi alikuwa akiandika kila neno. Aliposikia hayo aliweka kalamu juu ya daftari, na hakuishika tena mpaka kengele ilipogongwa.

Tafakari iliyofuata ilimhusu Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Lisieux, Ufaransa, na hapa ndipo nilipopata nilichokifuata. Wengi wetu tunamjua kwa picha yenye mawaridi, tukadhani "njia yake ndogo", yaani kumtumainia Mungu kama mtoto mdogo, ilikuwa njia laini. Sista alitueleza kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896 Teresa alitema damu, dalili ya kifua kikuu, na kwamba kuanzia Pasaka ya mwaka huo aliingia katika giza ambamo wazo la mbinguni, lililokuwa tamu kwake tangu utotoni, likawa mapambano yasiyokoma hadi alipofariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na umri wa miaka 24. Katika giza hilo aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe, akaibeba kifuani. Huyo ndiye ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanafaa Kanisa zima, mwaka 1997. Imani yake ilibaki ya mtoto si kwa kutojua maswali ya watu wazima. Alikuwa nayo maswali hayo, akaendelea kumwita Mungu Baba.

Ndiyo maana kipindi cha Jumamosi mchana kilinisikitisha. Tuligawiwa penseli za rangi, tukaimbishwa nyimbo za shule ya awali kwa vitendo, eti ili turudie utoto. Mzee mmoja katekista, mwenye mvi tupu, aliinua mikono kwa utii huku uso wake ukionyesha wazi kwamba anafedheheka. Huo ni utoto uleule wa akili ambao tulikuwa tumeonywa asubuhi tuuache, na unawafanya watu makini waondoke wakidhani kwamba kumtumainia Mungu kama mtoto ni kujifanya hawana akili. Muda huo ungetumika kwa ukimya, ambao katika ratiba ni mfupi mno.

Saa ya kuabudu Ekaristi ilirekebisha mengi. Tulisali Baba Yetu sentensi moja moja, tukinyamaza kwa dakika kadhaa baada ya kila moja, na tulipofika penye mkate wa kila siku nilimsikia jirani yangu akinong'ona ada ya shule, kisha jina la mwanawe.

Malazi ni ya kawaida na safi, makande yanapikwa vizuri, na usiku ni wa baridi kali, kwa hiyo beba sweta. Usajili hupitia parokia. Ningewashauri zaidi waende wale waliofiwa, waliougua kwa muda mrefu, au walioomba jambo wasipewe, kwa kuwa tafakari ya Zaburi ya 131 inawahusu wao hasa. Na ningewaomba masista waifanyie tafakari hiyo nafasi ya pili, Jumamosi mchana, badala ya penseli za rangi.