Nililipia dirisha, nikapewa nguzo

Jambo lenyewe lina kipindi sasa, lakini nikilikumbuka damu bado inachemka. Wewe unayeishi New York au jirani, ukiletewa mzazi mwezi wa Novemba na ukashawishika kumlipia kifungua kinywa cha mgahawani ili alitazame gwaride la Siku ya Shukrani dirishani, nisikilize kwanza.

Gwaride hilo, linaloandaliwa na duka kubwa la Macy's, ni bure. Unasimama Central Park West au Sixth Avenue, basi. Ila mama alitoka Tanga na magoti yake mabovu, na baridi ya siku hiyo ilikuwa inang'ata masikio. Nikaona nisimtese. Mgahawa mmoja wa ghorofani, siutaji jina, ulitangaza meza za dirishani zinazotazama Sixth Avenue. Bei ya kichwa kimoja, mama angeijua angeomba kurudishwa uwanja wa ndege. Nasi tulikuwa watano.

Tumeamka saa kumi alfajiri, watoto wanaburutwa. Kijana wa mapokezi akatupitisha dirisha la kwanza, la pili, la tatu, akatukalisha nyuma ya nguzo. Nguzo ya zege, nene kama mbuyu! Nikamwambia, ndugu yangu, risiti inasema dirishani. Akajibu macho yakiwa kwenye simu: "Dirisha si lipo humuhumu?"

Pesa nimesamehe. Jibu lile sijalisamehe.

Mama akauliza kijana kasemaje, nikamtafsiria. Akaitazama nguzo juu mpaka chini. "Mimi nguzo nazijua tano, mwanangu. Hii ya sita umeinunua wewe."

Chakula nisiseme. Haya, nasema: mayai ya baridi, na chai ambayo majani iliyasikia kwa jirani tu. Gwaride huondoka mtaa wa 77 saa mbili na nusu, kwa hiyo hadi litufikie tulikuwa tumeshaitazama zege vya kutosha. Matarumbeta tukayasikia. Puto la Snoopy, yule mbwa wa katuni, likapita, nikaona sikio na kamba. Mdogo akaangua kilio. Nikasema inukeni, tunashuka.

Chini watu wamebanana hadi kwenye kuta. Nikajua ndiyo basi tena. Kumbe familia moja, hatujuani hata kidogo, wakamwona mama na kitenge chake juu ya koti la kuazima, wakasogeza kigari cha mtoto wao, wakamvuta mpaka kwenye kizuizi cha polisi. Watoto wetu wakafuata. Puto lililofuata likaja limezuia mbingu, na mama akaanza kuhesabu walioshika kamba. Alipofika sitini akaacha. "Wote hawa kwa puto moja?" Akacheka mpaka akashika magoti, yaleyale magoti.

Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba msiende na wazee, na hapo nasita. Nendeni, ila msilipe. Upepo ukizidi, maputo makubwa hukatazwa kupaa, na hapo utakuwa umelipia kuangalia bendi zikipita. Kama mzee hawezi kusimama, mpelekeni jioni ya kuamkia siku hiyo pale kwenye jumba la makumbusho ya viumbe asilia, maputo yanapojazwa gesi yakiwa yamelazwa chini ya nyavu. Sisi tulikwenda, hatukutoa hata senti.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mgahawa ulikuwa na choo, tena safi. Barabarani kule utakitafuta choo mpaka ulie, na mama alipanda ngazi zile mara mbili. Labda ndicho nilicholipia. Nyota moja, basi, ya choo.

Nilipodai pesa zangu, meneja alinipa kuponi ya kifungua kinywa cha mwaka unaofuata, "meza yoyote". Mama kaichukua kwenda nayo Tanga. Anawaonyesha majirani, na kila akipiga simu ananiuliza tiketi nakata lini.