Littmann Classic III: Inafaa kusikilizia mapafu?

Karibuni tena, hasa nyie mnaoanza wodi mwaka huu. Leo mkononi nina stetoskopu ya Littmann Classic III. Swali mnaloniuliza sana ni moja: kwa kusikiliza mapafu, inaizidi nini ile stetoskopu ya bei chee yenye mipira miwili?

Inaizidi kwa utulivu. Ile ya mipira miwili, mipira ikigusana inakwaruzana, na mkwaruzo unakufikia sikioni kama krepitesheni, yaani zile sauti za kupasuka-pasuka za pafu lenye shida. Hii ina mpira mmoja mnene. Lakini hata hii ukiiweka juu ya shati, au kwenye kifua chenye nywele bila kuikandamiza, utasikia vitu vinapasuka-pasuka na utamwandikia mtu nimonia ambayo hana.

Tuijaribu. Mdogo wangu huyu hapa, kavua shati, anapumua kwa mdomo, taratibu. Ncha za masikioni zielekee mbele, upande wa pua. Ukizigeuza, sauti inapotea. Naanza shingoni, juu ya koo la hewa. Sauti ni kavu, kama upepo kwenye bomba; kutoa pumzi kunasikika kwa muda ule ule wa kuvuta au zaidi, na katikati kuna kituo kifupi. Geuka, mdogo wangu. Chini mgongoni sauti ni laini, kuvuta ni kurefu, kutoa kunafifia mapema, kituo hakuna. Zote mbili ni za kawaida, kila moja mahali pake. Ile ya shingoni ukiikuta huku chini ndipo ushtuke: sehemu hiyo ya pafu imeshikana, na mara nyingi ni nimonia.

Kitu ninachokipenda hapa ni diaframu, ule utando wa kwenye kichwa cha stetoskopu unaogusa ngozi. Ukigusa kwa wepesi unapata sauti nzito, ukikandamiza unapata nyembamba, bila kugeuza kichwa. Kwa mapafu mimi nakandamiza. Na usiteremke upande mmoja hadi chini; kulia, kushoto, usawa ule ule, ndipo ushuke.

Mluzi wakati wa kutoa pumzi, fikiria pumu. Ukisikia krepitesheni, mwambie mgonjwa akohoe kwanza. Zikitoweka, huenda yalikuwa makohozi tu. Zikibaki chini pande zote mbili, mwishoni mwa kuvuta, uliza habari za moyo. Upande mmoja ukiwa kimya, kunaweza kuwa na maji au hewa nje ya pafu.

Sasa mwenye pumu anahangaika, hawezi kumaliza sentensi, na kifua kizima kimya? Usianze kugonga-gonga kifaa ukidhani kimekufa. Hewa haipiti. Itundike shingoni, ita wenzako, weka oksijeni.

Upande mdogo wa kichwa cha stetoskopu ni wa watoto, na unatosha vizuri. Ila kwa mtoto mwenye kikohozi, mwongozo wa WHO unaanza na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, hiyo ni haraka. Saa tu inatosha.

Bei yake ni kali, sifichi, na bandia zipo, kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia. Zile za kadiolojia waachie wanaotafuta minong'ono ya moyo. Kwa wodi ya kawaida hii inatosha kabisa. Ukiwa na swali, liweke kwenye komenti.