Visu vya springi vya Ujiji: nunua bapa, mpini utengeneze mwenyewe

Kisu cha samaki cha karakana hii ya wahunzi, upande wa Ujiji, Kigoma, kinauzwa shilingi 15,000. Sokoni Mwanga utapata cha kiwandani, mpini wa plastiki, kwa 4,000. Hiyo 11,000 inayozidi inaenda wapi? Inaenda kwenye bapa, na ni halali yake. Mpini haustahili hata mia.

Karakana yenyewe ni banda la mabati lenye tanuri moja la makaa, feni inayozungushwa kwa rimu ya baiskeli, na fuawe mbili za vipande vya reli. Moja imelazwa, nyingine imesimamishwa wima ndani ya gogo. Mgeni anaweza kudhani ile ya wima imekosa pa kulala, kumbe ndiyo fuawe ya kazi nzito. Reli iliyosimama inaweka uzito wake wote chini ya nyundo. Iliyolala ina kiuno chembamba kinachocheza na kula nguvu ya pigo, kwa hiyo inafaa zaidi kunyooshea bapa jembamba lililopinda.

Chuma chao ni springi za magari kutoka kwa watu wa skrepa. Muulize fundi yeyote hapa, "Fundi, hii imetoka kwenye gari gani?" na jibu ni "Land Cruiser." Kama springi zote zinazoitwa za Land Cruiser zingekuwa kweli za Land Cruiser, mkoa mzima usingebaki na gari lililosimama kwa magurudumu yake. Jina la gari si hoja sana. Springi nyingi za gari zina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromi kidogo, na chuma cha aina hiyo kinakubali matiko, yaani kuchomwa kisha kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, na kinavumilia kupigwa. Hoja ni kama kweli ni springi, si nondo iliyopondwa ikawa bapa. Omba wakiguse kipande kwenye grenda. Cheche za springi hupasuka-pasuka kama fataki ndogo karibu na jiwe. Za nondo hutoka ndefu, zimenyooka, zenye mipasuko michache. Nondo ya kawaida haina kaboni ya kutosha, na hata ukiitia matiko mara kumi, kwenye ubao itakunja makali tu.

Jambo la pili ni nyufa. Pleti ya springi iliyokatika barabarani imechoka, na ufa mara nyingi haupo pale ilipokatika peke yake. Eneo baya kuliko yote ni kandokando ya tundu la bolti ya katikati. Mafundi hawa hutupa kipande hicho, na hilo ni la kusifiwa, kwa sababu wengine hulifua tundu mpaka likajifunika na kulisahau. Mwenye wasiwasi na pleti aliyonunua mwenyewe ailoweke kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, aifute ikauke kabisa, kisha aipake vumbi la chaki. Penye ufa, mafuta hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki.

Pleti ya pikapu huanza na unene wa milimita 6 hadi 8, na kwa kisu cha samaki huvutwa hadi 3 kabla ya kuingia kwenye tupa na grenda. Kazi yao ya nyundo ni safi. Hupiga chuma kikiwa na rangi ya chungwa na hurudisha motoni kikishaanza kuwa chekundu cha giza, maana kupiga chuma kilichopoa ni kupanda nyufa zitakazovunwa kwenye matiko. Baada ya kufua huyapasha mabapa moto na kuyaacha yapoe hewani, mara tatu, ili chembe za chuma zilizokua kwa moto zirudi kuwa ndogo. Kuna kipande kilichovunjwa kwa makusudi wanachowaonyesha wateja: mvunjiko wake ni wa kijivu laini kama majivu. Chuma kilichounguzwa huonyesha punje zinazometa kama sukari, na kisu cha namna hiyo huvunjika ncha siku ya kwanza ya kazi.

Sasa matiko, na hapa ndipo karakana hii inapowazidi wengine. Wanatumia mawese.

Kwa Kigoma hilo halishangazi, mafuta yenyewe yapo mlangoni. Uhodari wao uko kwenye namna wanavyoyatumia. Chuma cha springi hakitaki maji: bapa jembamba lililotoka kwenye nyuzi 830 likitumbukizwa majini hulia "ti!" na ukilitoa unakuta ufa kutoka makalini kwenda mgongoni. Mafuta hupoza taratibu zaidi, na kwa chuma hiki yanatosha kukigandisha kwenye ugumu. Lakini mawese yana tabia yake. Asubuhi ya baridi yameganda kwenye chombo kama samli. Na asubuhi mapema au jioni ndizo saa za kutia matiko, kwa sababu juani rangi ya chuma haisomeki: kinachoonekana chekundu cha kawaida kwenye mwanga mkali kimeshavuka kiasi zamani.

Kwa hiyo kwanza huchoma kipande kinene cha chuma na kukizamisha kwenye mawese, kisha wanakoroga, mpaka yafike kama nyuzi 50 hadi 60. Kipimo chao ni kiganja: chombo kinashikika kwa sekunde chache tu, halafu lazima uachie. Wapo wanaodhani mafuta baridi yangepoza haraka zaidi. Sivyo. Mafuta mazito hung'ang'ania bapa na kubaki na mvuke ubavuni mwake, hivyo joto halitoki sawasawa. Yakiwa mepesi huzunguka na kuosha joto. Chombo ni bomba la chuma lililochomelewa kitako, kipenyo sentimita 10 na urefu kama 60, kwa hiyo linachukua zaidi ya lita 4. Kina chake ndicho kinachotakiwa, kwa sababu bapa linaingia lote, ncha kwanza, wima, na ndani ya mafuta linasogezwa kwa mwelekeo wa makali na mgongo. Ukilipepea kushoto na kulia, upande mmoja hupoa kabla ya mwingine na bapa linatoka limepinda kama ndizi. Mfuniko wa bati umening'inia pembeni, kwa ajili ya siku mafuta yatakapowaka. Moto wa mafuta huzimwa kwa kufunikwa. Ukiumwagia maji unautawanya banda zima.

Joto lenyewe wanalipima kwa sumaku ya spika iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikipita nyuzi 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Wanakiacha kidogo, kivuli kimoja zaidi cha wekundu, ndipo kinakwenda kwenye mafuta. Dakika hiyo hiyo bapa likitoka, tupa hupitishwa kwenye makali. Mkwaruzo wa kwanza unaweza kushika ngozi laini ya juu iliyopoteza kaboni motoni, lakini wa pili lazima uteleze kama kwenye kioo.

Baada ya matiko, chuma ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika, na lazima kirudishwe motoni kwa joto dogo. Hapa wanaharakisha. Wanasafisha bapa kwa msasa, wanalilaza mgongo juu ya bonge la chuma cha moto, na kutazama rangi zikipanda: manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, bluu. Kwenye kisu cha jikoni njia hii inatoa matokeo mazuri, makali yanabaki manjano na mgongo unakuwa wa bluu, yaani mgumu chini na mvumilivu juu. Kwenye kisu cha samaki chenye milimita 2 au pungufu, joto linakimbilia nchani kabla fundi hajageuza mkono. Ncha inafika bluu, karibu nyuzi 300, na ugumu wake umekwenda. Tena ncha ndiyo inayofanya kazi yote ya kumpasua mgebuka tumboni.

Dawa ni kununua bapa tupu, bila mpini, kwa 9,000, ukaomba wasiliguse na lile bonge la moto. Liweke kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja, liache lipoe, rudia saa nyingine. Fanya hivyo siku ileile lilipotiwa matiko, kwa sababu bapa lililoachwa na ugumu wote linaweza kupasuka lenyewe likiwa mezani. Na usilidondoshe njiani.

Kasoro nyingine ni ya grenda. Kijana anayemalizia makali ana mkono mwepesi, lakini ndoo ya maji iko mbali naye. Bapa lililokwisha tiwa matiko linatakiwa lichovywe kila baada ya mapito mawili, na lisipochovywa linapata doa la bluu makalini. Doa linafutika kwa msasa, ulaini wake haufutiki. Mnunuzi wa bapa lililong'arishwa hana namna ya kuliona. Ataligundua wiki mbili baadaye, sehemu moja ya makali inapokuwa butu huku nyingine bado inanyoa nywele. Omba uone bapa kabla ya kung'arishwa. Ukishalitia makali nyumbani, lipime kwa fimbo nyembamba ya shaba: gandamiza makali juu yake kwa mlalo wa nyuzi 15 hadi 20 na uyavute taratibu. Yatabonyea kidogo yakipita. Yakirudi, ni sawa. Yakibaki yamekunjika, ni laini. Yakimeguka, hayakurudishwa motoni vya kutosha.

Mpini sasa. Mbao ni mninga, na hakuna wa kuulaumu mninga. Tatizo ni kwamba umekatwa ungali na maji, msuka, ule mkia wa bapa unaoingia mpinini, umechomwa moto na kusukumwa ndani ya mbao hadi ukajitobolea njia, na gundi hakuna. Siku ya kwanza unashika imara. Kisha mbao inasinyaa, makaa yaliyobaki ndani ya tundu yanasagika, na noleo, ile pete ya mdomo wa mpini ambayo hapa ni kipande cha bomba, linaanza kucheza. Maji ya samaki yanaingia, msuka unakula kutu usipoonekana. Kwenye visu vya jikoni wanapanga vipande viwili vya mbao na ribiti za msumari wa inchi 4, na hivyo vinadumu zaidi, ingawa ribiti hugongwa kwa nguvu mno na mbao hupasuka kuanzia tundu.

Ukijitengenezea, kata mninga mkavu wa sentimita 12 kwa 3 kwa 2.5. Vaa kitambaa puani, vumbi lake linawasha kifua na ngozi. Toboa kwa drili, tundu liwe pana kidogo kuliko msuka, na ukwaruze msuka kwa msasa mnene kisha uufute kwa spiriti. Tumia gundi ya kuchanganya ya chupa mbili inayokauka kwa saa 24. Ile ya dakika 5 ni ya kuungia sahani. Kwa mpini wa vipande viwili, ukivibana kwenye jiliwa usikaze hadi gundi yote itoke, kwa sababu mbao haishikwi na gundi iliyomwagika chini. Malizia kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto na kuchanganywa na mafuta ya kitani, sehemu moja kwa tatu. Wengine hapa hupaka mawese kwa kuwa yapo. Hayakauki, yanachacha, na mpini unanata mkononi.

Katika bidhaa nyingine, panga ni zuri na halina maneno mengi. Kisu cha jikoni cha 20,000 kina chuma kizuri kwenye umbo baya: mgongo milimita 4, kwa hiyo hakikati kiazi, kinakipasua. Agiza 2.5 mgongoni, na mteremko uanzie mgongoni kabisa, si katikati ya bapa. Cha samaki kiwe na urefu wa sentimita 16 hadi 18, milimita 2 kwenye noleo na nyembamba zaidi kuelekea ncha, kipinde ukikisukuma kwenye ubao na kirudi chenyewe. Hicho kinamtosha mgebuka na kuhe. Kichwa cha sangara kipelekee panga. Dagaa hawakuhusu.

Chuma hiki kinashika kutu. Ukikiacha na ute wa samaki au maji ya ndimu kwa saa moja tu, utakuta madoa. Rangi ya kijivu inayojitokeza kwa matumizi si kutu, iache. Kutu ni ile nyekundu inayotoka kwenye kidole. Osha, futa, paka nta kidogo.

Agizo lao wanalipokea kwa maneno, na maneno yana tabia ya kubadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kata umbo la kisu kwenye boksi gumu, andika unene wa mgongo kwa milimita, andika "bila mpini, lisirudishwe motoni", waachie. Na siku ya kuchukua nenda na gazeti na kipande cha mpira wa tairi, kwa sababu ala hawatengenezi.