Gereji iliyonibadilishia kila kitu isipokuwa kilichoharibika

Pikipiki yangu sasa inatembea vizuri, ila gereji hii isije ikajisifu kwa hilo.

Iko upande wa Tabata, Dar es Salaam, jina naliacha. Niliipeleka kipindi kile mvua zinaanza. Ugonjwa wake ni huu: ikiwa imesimama inanguruma bila shida, lakini ukivuta mafuta uondoke inasita, inakohoa, kisha eksozi inapiga paa! kama bunduki. Mimi nasambaza mikate alfajiri, na njia yangu ni Barabara ya Mandela pamoja na malori ya bandarini. Ukiingia pale kutoka barabara ya pembeni, pikipiki ikasita kidogo tu, lori liko mgongoni. Mtu anayekuja na tatizo la namna hiyo anastahili kusikilizwa.

Nilimweleza fundi mkuu jambo moja: nikivuta choki nusu, inakubali kuondoka na milipuko inapungua. Kwa injini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, hiyo ni habari kubwa. Choki inabana hewa. Injini ikipata nafuu baada ya kubaniwa hewa, maana yake kuna hewa inazidi mahali au petroli inafika pungufu. Hapo mtu ana pa kuanzia. Yeye hata hakuinua kichwa. "Kaka, wewe fundi? Kama fundi, hapa umefuata nini?" Wenzake wakacheka, na wateja wengine wamekaa pale pale kwenye benchi wanasikia.

Maneno yale bado yananichoma. Sikwenda kumfundisha kazi. Anayeipanda kila siku ni mimi, na dalili ninazijua mimi.

Kuna kijana anajifunza kazi pale. Akasema kwa adabu, "Bosi, tungeangalia na mpira wa kabureta, isije kuwa umepasuka." Akatumwa spana na kuambiwa afunge mdomo.

Basi ikaanza safari ya kubadilisha. Plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Haikupona, ikawa koili inayoipa plagi umeme. Haikupona, ikawa kabureta nzima. Kila nikirudi kuna kifaa kipya na bili mpya, na eksozi inapiga vile vile. Plagi iliyotolewa niliiona kwa macho yangu, ncha yake nyeupe, kavu. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia iliyofifia. Ikijaa masizi meusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, mara nyingi hewa imezidi na joto limepanda. Jibu alikuwa nalo mkononi, akalitupa kwenye kopo la vyuma chakavu.

Nitende haki lakini. Wanafungua mapema, pamefagiwa, na kumwaga oili au kukaza mnyororo wanafanya vizuri kwa bei ya kawaida. Kwa kazi hizo ndogo, nendeni tu.

Aliyeniponya ni yule kijana. Jioni moja alikuwa anarudi kwao, akasikia mlipuko, akanipungia mkono nisimame. "Shikamoo kaka. Bado tu?" Akaniambia niiache inanguruma, akaomba maji ya sabuni kwa mama ntilie wa jirani, akayadondoshea taratibu kwenye ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Mlio ukabadilika papo hapo, povu likavutwa ndani. Ufa ulikuwa upande wa chini, ambako jicho halifiki mpaka uiname. Akanieleza bila kiburi chochote: ukivuta mafuta injini inatikisika, ufa unafunguka, hewa inajipenyeza bila kupita kwenye kabureta. Petroli inakuwa chache mno, mchanganyiko hauungui wote, na unaobaki unakwenda kulipukia kwenye eksozi yenye moto. Ndiyo maana hata kabureta mpya isingesaidia, maana ilifungwa kwenye mpira ule ule mbovu!

Tukanunua mpira mpya, bei yake haikukaribia hata ya koili. Akaufunga pale pale barabarani. Pesa ya ufundi alikataa, nikamtia mfukoni kwa nguvu. Tangu siku hiyo nikivuta mafuta inaondoka, na choki naigusa asubuhi tu injini ikiwa ya baridi.

Nikarudi gerejini kudai kabureta yangu ya zamani, kwa sababu imethibitika haikuwa na kosa lolote. Fundi mkuu akajibu, "Vya zamani huwa tunatupa." Kabureta nzima inatupwa? Wapi? Nani kakuruhusu?

Nilisema muende kwa oili. Nafuta. Msiende hata kwa kujaza upepo. Na yule kijana, mkimkuta kwingine, mpeni kazi. Kabureta yangu bado naidai, na Jumamosi nakwenda tena kuifuata.