Mama hakupanda ndege, kodi ya kupanda ndege wakataka kubaki nayo. Uzoefu wangu Arusha

Niseme mapema kwamba ndege za hili shirika sina neno nazo. Watu wa nyumbani wamezipanda kutoka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, wanazisifu, chakula kizuri, mizigo inafika. Mimi nalia na kaunta yao ya Arusha mjini, na jina la shirika silitaji. Nimekaa na hili jambo moyoni muda nikidhani hasira zitapoa, hazijapoa.

Dada yangu yuko Uingereza, alikuwa karibu kujifungua, tukamkatia mama tiketi ya kwenda na kurudi aende kulea mzazi. Tulilipa keshi palepale kaunta, ile nauli ya chini ambayo ukighairi hurudishiwi, tulielezwa na tukakubali. Zikiwa zimebaki siku chache presha ya mama ikapanda vibaya sana, akalazwa hospitali ya KCMC, daktari akasema habari ya ndege aisahau kwanza. Nikapiga simu nikafuta safari kabla ndege haijaondoka, meseji ya kuthibitisha ninayo mpaka leo. Nauli hatukuidai, masharti ni masharti.

Lakini ukiiangalia tiketi vizuri ile hela uliyolipa imegawanyika. Kuna nauli, halafu chini yake kuna herufi mbilimbili zimepangwa na kila moja ina hela yake. Humo kuna tozo ya abiria anayetoka nje ya nchi, KIA ilikuwa dola 40, na kwa ule upande wa kurudi kuna kodi ya abiria ya Uingereza, ambayo kwa umbali kama wa huku kwetu, daraja la kawaida, ilikuwa pauni 88 kuanzia Aprili 2024, mwaka uliofuata wakapandisha ikawa 90. Hizo mbili peke yake ni kama laki nne za kwetu, bado zile ndogondogo za usalama na za uwanja wa kule. Na hizi siyo hela za shirika jamani, shirika linakusanya tu halafu linapeleka kwa wenyewe kwa hesabu ya abiria walioondoka kweli. Kodi ya Uingereza inadaiwa kwa mtu aliyepanda ndege akaondoka Uingereza, sasa mama yangu aliyekuwa amelala wodini Moshi kaondoka Uingereza saa ngapi?

Mama alivyopata nafuu akasema twende wote akaulize mwenyewe, maana hela nyingine ilikuwa ya kahawa yake. Akavaa kitenge chake cha kanisani, tukapanda Kosta, jua kali, njia nzima ananiambia tuongee nao kwa upole watatuelewa. Tumefika pale kuna dada nyuma ya kaunta anachezea simu. Mama, mtu wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyeanza kusalimia, "hamjambo wanangu". Yule dada hakuinua macho. Hakuna shikamoo, hakuna karibu, kiti kipo pembeni kitupu hakumwambia akae, kanyoosha mkono tu apewe tiketi. Kaiangalia nusu dakika akajibu kwa Kiingereza kwamba hii tiketi hairudishiwi kitu. Kiingereza! Kwa mama aliyemsalimia kwa Kiswahili! Mama akanigeukia, "amesemaje?"

Nikamwambia dada, sisi hatudai nauli, tunadai kodi na tozo. Hapo ndipo akaongea Kiswahili, "kodi imeshaenda serikalini, nendeni mkaidai huko", akamwangalia mwenzake wakacheka. Nikamuuliza serikali ipi, ya Tanzania au ya Uingereza, na imeendaje wakati abiria hajaruka, nionyeshe. Akaita mtu aliyekuwa nyuma yetu. Basi, tumeshamalizwa hivyo. Tumetoka nje mama ananiambia mwanangu tuache, hela inatafutwa. Mimi nilikuwa natetemeka, siyo kwa sababu ya laki nne, ni kwa sababu ya ile shikamoo. Mtu umelelewa wapi mpaka bibi anakusalimia unamnyooshea mkono. Na hata pole ya kuumwa hakumpa, wakati barua ya daktari tuliiweka pale mbele yake.

Usiku uleule nikaandika imeli makao makuu yao, nikaweka namba ya tiketi, meseji ya kufuta safari, barua ya hospitali, na nikaorodhesha zile herufi moja moja na hela zake. Wakakaa kimya, nikaandika tena, na tena. Mwisho akanijibu mtu mmoja kule kwao, na huyu lazima nimtendee haki, mstaarabu sana, akampa mama pole, akaomba radhi, akasema wazi kabisa kwamba kodi na tozo za viwanja ambazo hazikutumika zinarudishwa hata kama nauli hairudishwi. Akatuma fomu. Kwa hiyo yule wa Arusha alitudanganya au alikuwa hajui kazi yake, na sijui lipi ni baya zaidi. Ilichukua wiki na wiki lakini hela iliingia benki.

Kwa hapo nilitaka kuwapa nyota nne niyamalize, kweli kabisa, kwa ajili ya yule mtu wa imeli. Halafu nikakaa na kalkuleta. Kwanza wamekata dola 50 za "kushughulikia", yaani hela isiyo yao wamekaa nayo miezi halafu wananitoza kunirudishia. Pili ile kubwa kuliko zote iliyoandikwa YQ hawakugusa. YQ, na kwingine utaona YR, inakaa kwenye ule mstari wa kodi lakini siyo kodi, ni sachaji, yaani nyongeza ya shirika lenyewe, wengi wanaiita ya mafuta, na wanasema inafuata masharti ya nauli. Mama hakubebwa, mafuta gani yamechomwa kwa ajili yake? Na kwa nini uiweke pamoja na kodi mtu aone serikali ndiyo inamla kumbe ni wewe? Nyota nne nimefuta. Moja, na hiyo ni ya yule mstaarabu.

Kinachoniuma ni wangapi hapa Moshi na Arusha wana tiketi zimelala ndani. Jirani yetu hapa mtaa wa Majengo kijana wake alinyimwa viza, tiketi wameiweka kabatini wanajua hela yote imepotea, hakuna aliyewaambia. Mkiwa na tiketi hivyo idaini mapema kabla mwaka haujaisha tangu ikatwe, kama mlikatiwa na wakala mtaambiwa mpitie kwa wakala huyohuyo, na mkifika msiseme "narudisha tiketi" maana mtaambiwa hairudishwi, semeni mnadai kodi na tozo ambazo hazikutumika, na mdai kwa maandishi, ya mdomo wanayakana. India tangu 2016 wana kanuni kwamba shirika lirudishe kodi na tozo za uwanja hata kwenye tiketi za ofa, hata kwa abiria ambaye hakutokea kabisa. Kwetu TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ipo na ina baraza la watumiaji wa usafiri wa anga, TCAA-CCC, kazi yake ni kutetea abiria, ningetamani wabandike tangazo kwa Kiswahili kwenye kila kaunta ya tiketi, maandishi makubwa, mama yangu aweze kusoma bila miwani.

Sasa hivi presha imetulia na mjukuu ameshaanza kutambaa, mama anataka safari na anasema tukate kwao tena kwa sababu ndege zao ni nzuri na yeye hana kinyongo na mtu. Mimi ninacho. Labda tutakata kwao, labda hapana, bei ndiyo itaamua, ila kwa yule dada sirudi, tutakata kwa wakala hapahapa Moshi. Na barua ya ile YQ nimeshaipeleka kwa baraza, kopi nimelitumia shirika lenyewe pamoja na malalamiko ya jinsi mama alivyopokelewa, hilo la pili hawajalijibu na sitaacha kuwauliza.