Tulivyokula kando ya Mto Pangani siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu

Kwa watu wa umri wetu, mahali pa kula siku ya kumbukumbu ya ndoa mimi napapima kwa jambo moja: wahudumu wanajua kukuacha? Keki na maputo siku hizi viko kila kona. Mgahawa huu mdogo wa makuti, Pangani mjini upande wa mtoni, wanajua.

Watoto walitaka kutukodia ukumbi Tanga, na MC, na sare za kitenge. Baba Zawadi akasema sherehe ilishafanyika 1995, watu walikesha, na wengi wa walioalikwa wameshatangulia. Basi watoto wakatuma hela kwa simu, tukajiendea wawili.

Ukipiga simu kuweka nafasi hawakuulizi rangi ya mapambo. Wanauliza samaki au kamba, halafu wanakutajia saa ya maji kujaa ili mfike kabla. Zingatieni hilo. Maji yakishakupwa mtakula mkitazama tope, mizizi ya mikoko na mitumbwi iliyolala ubavu. Yakijaa, na sisi tulikutana na bamvua, bahari inaingia mlangoni mwa mto na kuurudisha nyuma. Vifuu na makumbi yanapita mbele ya meza yakielekea bara.

Mume wangu kabla ya kustaafu alikuwa kituo cha umeme cha Hale, kile cha megawati 21 kilichoanza 1964. Maji haya haya ya Kilimanjaro na Meru, yakishapita bwawa la Nyumba ya Mungu, ndiyo yaliyokuwa yakizungusha mitambo yao, na ndiyo yaliyotulipia ada za shule na bati za nyumba. Akavitazama vile vifuu vinavyopanda mto, akatazama weee, kisha akasema, "Mama Zawadi, hebu ona, maji yanarudi kazini."

"Yaache yaende," nikamwambia. "Wewe umeshastaafu."

Akacheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo tukanyamaza muda mrefu tu, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama tumegombana. Kijana aliyetuhudumia alitoa shikamoo, akaweka maji ya kunawa na madafu mawili, akaenda kukaa mbali. Picha alitupiga tulipomwita.

Sasa chakula. Kolekole wa kupaka ndiye wa kumfuata huko. Walimchoma kwanza kwa mkaa, tui zito likapakwa mara kadhaa huku akigeuzwa, mpaka likashika na kuungulia kidogo pembeni, ndimu ikasikika bila kukereketa. Mimi ni mtu wa Tanga, samaki wa kupaka simsifii mtu ovyo. Wali wa nazi ulikuwa wa kawaida. Kachumbari ilikatwa vipande vikubwa kama ya kulishia mbuzi. Bada, ule ugali wetu wa muhogo, haimo kwenye orodha yao, ila ukimuomba mama wa jikoni mapema atakusongea, na mchuzi wa papa mkavu anao. Mzee wangu alikula bada, samaki akamwonja kwenye sahani yangu, kama kawaida yake.

Nilimuuliza yule kijana kama nazi ni za hapo hapo. Akasema nyingine ndiyo, lakini minazi ya kandokando ya mto inakauka: mto umepungua nguvu, huko juu maji yanachukuliwa kumwagilia mashamba, na chumvi inapanda mbali kuliko zamani. Baba Zawadi aliposikia akaacha kutafuna. Hale nao waliyategemea maji hayo hayo. Mvua zikikosa huko milimani, mitambo inapungua kasi. Hakusema kitu, lakini namjua.

Kasoro zipo. Samaki alichukua zaidi ya saa moja, kwa hiyo msiende na njaa kali. Viti ni vya plastiki, vifupi, havina mito. Goti langu la kushoto lilinisema mpaka nyumbani. Njia ya chooni haina taa. Jua likizama, visubi wa kwenye mikoko wanakuja kwa fujo, na dawa ya kujipaka hawana, njooni na yenu pamoja na khanga ya kufunika miguu. Risiti ya mashine sikupewa mpaka nilipoidai.

Bei kwa samaki mkubwa wa kutosha watu wawili, bada, wali na madafu haikufika elfu hamsini. Kwa mahali pa kuangalia mto, sioni pa kulalamika. Malipo ni taslimu au kwa simu.

Mkitokea Tanga ni kilomita hamsini na ushee, magari ya abiria yapo, lakini kwa siku kama hii bora mkodi teksi itakayowasubiri, msije mkala huku mnaangalia saa. Mkifika mapema, teremkeni kwanza kwenye kivuko mtazame watu, pikipiki na magunia yanavyovushwa kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Daraja la kuvuka mto hapo likishakamilika sijui kama tutaendelea kuyaona hayo, na mimi kivuko nakipenda kuliko daraja lolote, hata nikiitwa mshamba.

Meza ombeni ile ya pili kutoka kwenye ngazi za mtoni. Ya kwanza ina sura nzuri zaidi, ila moshi wote wa jikoni unaishia hapo.