Dirisha la faragha na mchunguliaji niliyemkaribisha mwenyewe

"Bawasiri: dalili na tiba. Dakika 47."

Ndivyo ilivyosomeka ripoti yangu ya wiki ya muda wa kazi, mstari wa tatu, katikati ya kazi za mteja. Na mteja aliuona sawia na mimi, maana nilikuwa nimemfungulia skrini yangu kwenye kikao cha mtandaoni ili ajionee saa nilizomfanyia kazi. Kimya. Mtu akakohoa. Kisha mwenzangu akasema kwa sauti ya chini, "Pole, kaka."

Dakika hizo 47 zilikuwa za usiku, tena kwenye dirisha la faragha la kivinjari (incognito), lile la rangi nyeusi. Nililifunga nikalala usingizi wa mtu asiyedaiwa.

Ripoti hiyo hutolewa na programu ya kuhesabu muda wa kazi. Hakuna bosi aliyenilazimisha kuiweka. Niliiweka kwa mikono yangu, na hapo ndipo panaponiuma. Kumbe inasoma jina la kila dirisha lililo mbele. Ukifungua ukurasa, kivinjari huchukua kichwa chake na kukifanya jina la dirisha, na kwenye Windows programu nyingine hulisoma jina hilo bila kumwomba mtu ruhusa. (Kwenye macOS, tangu toleo la Catalina la 2019, lazima kwanza ipewe ruhusa, kama ile ya kurekodi skrini.) Dirisha la faragha ahadi yake ni ndogo kuliko nilivyodhani: ukilifunga, historia na vidakuzi (vijifaili vya tovuti vya kukukumbuka) havibaki. Lile nililokuwa nikitumia linakuonya hata kuhusu mwajiri na kampuni ya intaneti. Jirani aliyemo ndani ya kompyuta hiyohiyo, yaani programu nyingine, halimtaji.

Nikawaandikia wenye programu. Baada ya siku kadhaa likaja jibu: "Ndugu mteja, programu inafanya kazi ilivyokusudiwa." Haya. Nikauliza kwa adabu zote kwa nini madirisha ya faragha yasirukwe tu, wakati hata Recall ya Microsoft, kipengele cha Windows kilichopigiwa kelele mwaka 2024 kwa kupiga picha za skrini kila baada ya muda mfupi, huyaruka kwenye vivinjari vikubwa. Wakajibu: "Kama huna cha kuficha, hatuoni tatizo."

Hawaoni tatizo! Wangeliona wapi, na kitako si chao? Niliisoma sentensi ile mara nne, nikaifuta programu hapohapo, nikaapa kuipa nyota moja kwa sababu sifuri haipo.

Ila hasira ilipopungua niliirudisha. Ndiyo, niliirudisha. Ankara zangu zote zinaitegemea, na kwa hesabu haina mpinzani: 47 zilikuwa 47 kweli. Basi nyota tatu. Nikaamua kumbana kivinjari badala yake, nikahamia Firefox, ambayo ndani ya about:config, ukurasa wake wa mipangilio ya ndani, ina kipengele kiitwacho privacy.exposeContentTitleInWindow.pbm. Kwa kawaida kimewekwa true, yaani kichwa cha ukurasa kionekane kwenye jina la dirisha. Nilikigeuza kuwa false, nikafungua dirisha la faragha, nikaenda kwenye ukurasa uleule wa aibu, nikatazama ripoti. Kichwa cha ukurasa hakimo! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sielewi kwa nini kitu cha maana hivi kimefichwa mahali ambapo unapokelewa na onyo kabla hujaingia.

Nikajiona nimeshinda, hadi nilipokuta kwenye mipangilio ya programu kwamba inaweza pia kupiga picha za skrini. Ilikuwa imezimwa, lakini ikiwashwa, hilo jina la dirisha lililofichwa litanisaidia nini? Picha inachukua ukurasa mzima, na maelezo ya tiba, na mchoro. Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ililazimika kuweka kizuizi chake yenyewe dhidi ya Recall mwaka 2025, na kivinjari cha Brave nacho kikafuata. Kivinjari changu hakijanipa kinga ya namna hiyo dhidi ya programu hii. Kwa hiyo nashuka hadi nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya hesabu tu.

Wiki hii nimemwonyesha tena mteja ripoti. Bawasiri haipo. Mahali pake pameandikwa Mozilla Firefox, kuvinjari kwa faragha, muda wa saa 2 na dakika 10, usiku. Safari hii hakuna aliyenipa pole.